Mwaka Uliobaki Kwenye Kikokotoo

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, usijali. Nitakurudisha tulipokuwa, maana hata mimi naandika ili nisipotee.

Mimi ni mpiga pasi katika karakana ya kushona sare. Mke wangu alikuwa akitoboa matundu ya vifungo, meza ya tatu kutoka yangu. Nilikuwa nikiinua kichwa kutoka kwenye mvuke, namwona. Msimu wa mvua uliopita alilazwa kwa homa, na nyumbani hakurudi tena.

Aliniachia chumba, binti mmoja aliyeolewa mbali, na simu yenye ufa kwenye kioo.

Ndani ya simu hiyo kuna kikokotoo. Si kile cha kujumlisha bei za vitunguu. Ni ukurasa wa mtandaoni. Unaandika mshahara wako kabla ya makato, unabonyeza, nacho kinakuambia kodi ya mapato ni kiasi gani, pensheni kiasi gani, na mkononi utabaki na nini.

Kila siku ya mshahara, jioni, wenzetu walipanga foleni mlangoni petu wakiwa na slipu zao. Wengi walikuwa na simu zao, lakini walisema simu zao haziwajui. Mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, akabonyeza, akalinganisha na slipu, akatoa neno moja.

"Imekaa." Yaani karani hajakosea.

Au "Haijakaa." Yaani kesho nenda ofisini.

Haijakaa aliitamka kwa nadra, na kila alipoitamka karani alikuna kichwa na kurudisha kilichozidi. Neno lake likawa sheria. Alipokufa wakaja kwangu, nami nikakaa mahali pake, ukingoni.

Wiki jana nilikusimulia jinsi slipu za mwezi wa kwanza wa mwaka, kuanzia ya mkata vitambaa mpaka ya mfagiaji, zilivyotoka haijakaa zote. Makato yamezidi. Jinsi Ovaloki alivyokalia cherehani yake akasema hashoni mpaka pesa irudi, na wengine wakamfuata. Na jinsi bosi alivyotia kufuli mlango wa ofisi ya karani wa mishahara, yule tuliyembandika jina la Desimali, akatangaza kwamba Jumatatu atamfukuza kwa wizi.

Sasa endelea nami.

Jioni hiyo ya Jumamosi chumba changu kilijaa. Wengine kitandani, wengine juu ya ndoo iliyogeuzwa, mfagiaji kaketi juu ya mizani yangu mbovu. Tangu matanga yaishe, miguu mingi namna ile haikuwa imeingia pale.

"Shemeji, leo umetuvisha nguo!" akasema Ovaloki. Alikuwa akimwita mke wangu dada, ndiyo maana mimi ni shemeji yake. Jina lake lilitokana na mashine ya kufunga kingo za vitambaa anayoiendesha, na mdomo wake unakwenda kasi kama mashine yenyewe.

"Nguo mnazishona wenyewe," nikasema. "Mimi nanyoosha tu."

Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

"Kumbe huyu anajua kuchekesha! Sisi tulidhani alizaliwa ndani ya pasi."

"Desimali huyu huyu," akasema mkata vitambaa, "mtu wa kukunyima senti eti haikufika nusu, kumbe anatuchota kwa beseni."

"Ati viwango vimebadilika," Ovaloki akaigiza sauti nyembamba ya karani, akishika miwani ambayo hakuwa nayo. "Viwango! Kila mwizi ana viwango vyake."

Nilicheka na mimi. Nakiri. Nilicheka, nikasukuma karanga, nikasema kaeni, mbona mapema.

Walipoondoka nilifagia polepole sana, ili maganda yasiishe haraka.

Jumapili mchana nilikuwa napiga pasi shati langu, ingawa sikuwa na pa kwenda, nikasikia hodi.

Alikuwa Desimali.

Alisimama mlangoni na suruali yake ya kazini, kofia mkononi. Nilisema karibu. Hakuingia. Nikasema tena karibu, ndipo akavuka kizingiti.

"Pole na msiba," akasema.

Nilimtazama. Msiba ulikuwa wa miezi mingi nyuma.

"Najua nimechelewa, fundi. Siku ile nilifika mpaka uchochoroni. Nikaona watu wengi, nikarudi. Watu wengi siwawezi."

"Nimekwishapoa," nikasema. Watu husema hivyo. "Kaa."

Akakaa juu ya ndoo. Mtu mzima, miezi michache astaafu, juu ya ndoo.

"Sikuja kugombana. Nimekuja unionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Nilipoiba."

Nilidhani ananikejeli. Nikamtazama usoni, nikaona hakuna kejeli.

"Tangu jana nazipiga hesabu zile upya," akasema. "Kila nikizipiga zinakaa. Lakini nikajiuliza, watu wazima wote wale wakosee, mimi peke yangu nipatie? Nimeanza kujishuku, ndugu yangu. Kama mimi ni mwizi, nataka nijue kabla ya kesho. Nisije kuambiwa mbele za watu."

Nikaenda kwenye kona, nikaivuta simu pamoja na waya wake. Ilikuwa kwenye chaji. Simu ile haitoki kwenye chaji ila ikiwa mfukoni mwangu. Tangu mwenye nayo aondoke sijaiacha izimike, wala sijaufunga ukurasa ule. Umeme ukikatika huwa naenda kukaa kwa fundi redio mwenye betri, nikijifanya nimekwenda kupiga soga.

Desimali aliipokea kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto. Akavaa miwani. Akaanza kusoma kuanzia juu, neno kwa neno. Kidole chake kikasimama kwenye kisanduku cha kwanza.

"Hapa pameandikwa mwaka jana."

"Najua."

"Unajua?"

"Huo aliuchagua mwenyewe."

Hakuuliza nani.

Siku moja kabla ya kulazwa, mke wangu alikaa kitandani na homa yake, akampigia mfagiaji hesabu. Ukurasa akauacha wazi hivyo hivyo. Mimi nilipoanza kuutumia nilifuta mshahara tu na kuandika mwingine. Mwaka sikuugusa. Nilidhani ni kama tarehe juu ya barua, haibadilishi yaliyoandikwa chini. Kodi si ni kodi?

Na nikisema kweli yote, hata ningejua, sidhani kama ningeugusa. Nguo zake nilikwishagawa. Cherehani yake ya nyumbani dada zake walikuja kuichukua, nikawasaidia kuibeba. Kilichobaki kama alivyokiacha ni kile kisanduku.

"Mwaka huu asilimia ya pensheni imepanda," Desimali akasema taratibu. "Madaraja ya kodi nayo yamepangwa upya. Nilibandika tangazo nyuma ya mlango."

"Nyuma ya mlango tunatundika aprini."

"Ah." Akatafakari hilo. "Basi kikokotoo hakina kosa. Kinafuata mwaka unaokipa. Ukikiambia ni mwaka jana, kitakukata kama mwaka jana. Hakijui kwamba mwaka umekwisha."

"Hakijui," nikasema.

Akanyoosha kidole ili aubadilishe.

Nikampokonya simu. Nilivuta kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, chaja ikachomoka ukutani na kuanguka kati yetu. Tukabaki tunaitazama, wote wawili.

"Samahani," akasema yeye, yeye aliyepokonywa.

"Ukigusa mwaka, ukurasa unajifungua upya. Vyote vinafutika."

"Basi uguse wewe."

"Siwezi."

Hakunishika mkono wala kupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Nikifukuzwa kwa wizi nitaondoka bila kiinua mgongo," akasema. "Ninajenga. Upande wa jikoni hauna bati, nilikuwa nakisubiri hicho. Lakini bati si kitu, nimezoea kupika na mwavuli." Akajaribu kucheka. "Ila jina. Umri huu nitapata wapi jina lingine?"

Niliibana simu kifuani.

"Sikulazimishi. Msiba ni wako."

Akasimama, akavaa kofia. Mlangoni akageuka.

"Mkeo ndiye mtu pekee aliyewahi kunishukuru kwa kukosea. Nilikosea slipu ya mfagiaji, akaja ofisini akaniambia, 'Karani, asante sana, leo umenifanya nionekane nina akili.' Nilicheka wiki nzima. Nilicheka peke yangu, lakini nilicheka."

Akaenda zake. Nikaiokota chaja.

Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, Ovaloki alinivuta mkono hadi nyuma ya majora ya vitambaa.

"Shemeji, nina neno."

"Wewe lini hukuwa nalo?"

Hakucheka. Hapo nikajua ni zito.

"Jana nimetumia simu ya mwanangu. Nimekitafuta kile kikokotoo, nikaweka mwaka huu."

"Enhe?"

"Imekaa. Yangu imekaa. Ya mkata vitambaa imekaa. Ya kila mtu." Akachungulia nje ya majora. "Desimali hajachukua hata uzi."

Nikahisi kama mtu amenitua mzigo. Nilidhani nina mwenzangu.

"Basi twende tuseme, mimi na wewe."

"Tuseme?" Akanishika kola. "Tuseme nini, wewe? Nani alikalia cherehani siku nzima na oda ya watu inasubiri? Mimi! Nina watoto watatu, shemeji, na baba yao unamjua, akipata anapita."

"Na Desimali?"

"Desimali hana mtoto wala paka. Mtu mmoja, njaa yake moja."

"Hiyo si haki."

"Haki si nimeiacha nyumbani, inalea watoto." Akalegeza mkono, sauti ikashuka. "Nisikilize. Ukisema, watajua hukuwa unajua unachobonyeza. Nani atakuja tena kwako? Siku ya mshahara utakaa na nani? Na dada yangu je? Watasema hata yeye alikuwa anabahatisha. Unataka wamseme, na hayupo wa kujibu?"

Alijua pa kunichoma. Watu wanaokupenda ndio wanaojua.

Kengele ikalia.

Bosi alitukusanya kwenye meza ndefu ya kukatia. Desimali alisimama karibu na mlango, amebeba kimfuko chenye kikombe chake na kalamu zake. Alikuwa amekwisha kujifungashia.

"Haya," bosi akasema. "Nasikia ninyi wenzetu mna serikali yenu ya kodi. Makao makuu kwa mpiga pasi." Wachache wakacheka kwa kumridhisha. "Mpiga pasi, njoo hapa. Lete simu. Onyesha wizi uko wapi, tumalize, kuna oda."

Nikaenda mbele. Mashine zote zilikuwa kimya. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kusikia chumba kile kikiwa kimya wakati wa kazi. Bomba la mvuke lilikuwa linadondosha tone, tone, na kumbe ndivyo lilivyokuwa siku zote.

Kwa mazoea niliinua kichwa kutazama meza ya matundu ya vifungo. Alikaa mama mwingine pale, yule aliyeajiriwa baadaye. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayekawia.

Nikaitazama simu. Mwaka jana ulikuwa umeandikwa pale, juu, chini ya ufa.

"Kabla sijaonyesha chochote," nikasema, "kuna kisanduku kimoja sijakigusa."

Ovaloki akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu.

Nikakigusa. Miaka ikashuka kama ngazi. Nikachagua mwaka huu.

Kioo kikawa cheupe. Kaduara kakazunguka, kakazunguka, mtandao wa pale ndani unajulikana. Nilisimama mbele ya watu wote nikitazama weupe ule. Kisha ukurasa ukarudi, mtupu, visanduku vyote wazi, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuutumia.

Nikaomba slipu ya mfagiaji, maana alikuwa karibu. Nikaandika mshahara wake. Nikabonyeza.

"Imekaa," nikasema.

Nikachukua ya mkata vitambaa.

"Imekaa."

Nilipofika ya tatu, watu walikuwa wameanza kurudisha slipu mifukoni.

"Karani hajaiba," nikasema. "Viwango vimebadilika kweli, kama alivyotuambia. Aliyekosea ni mimi. Si marehemu, mimi. Yeye kila mwaka mpya alikuwa anabadilisha mwaka. Mimi sikubadilisha."

"Kwa nini?" akauliza mfagiaji. Hakuuliza kwa ubaya. Ni mtu wa kuuliza.

"Nilisahau."

Huo ndio uongo pekee niliousema siku ile.

Bosi alicheka, cheko la mtu aliyeokoa oda yake. Akachomoa ufunguo wa kufuli mfukoni, akaurusha juu ya meza kuelekea kwa Desimali. Ukateleza ukaanguka sakafuni, Desimali akainama kuuokota. Pole hakupewa, samahani hakupewa.

"Na ninyi," bosi akatugeukia, "siku mliyokaa bure nitaikata. Hiyo nayo mkaipige kwenye kikokotoo chenu."

Kisha akamwondoa Ovaloki kwenye mashine yake, akampeleka kukata nyuzi pamoja na wanaojifunza kazi. Naye Ovaloki alipita mbele ya meza yangu na mkasi mdogo mkononi. Aliniangalia mara moja.

"Imekaa, shemeji?" akaniuliza.

Tangu hapo hakunisemesha.

Wala wengine hawakunitukana. Afadhali wangenitukana. Walisema habari za asubuhi, wakaniletea kola na mikono ya mashati ninyooshe, wakachukua zilizonyooka. Wakati wa chakula walihamia benchi la upande wa pili, ati huku kuna joto. Huku kumekuwa na joto miaka yote. Ni upande wa pasi.

Nyumbani nilijaribu kuukumbuka ule ukurasa ulivyokuwa. Nilifikiri ukifutika nitauona kwa macho ya ndani. Sikuuona. Niliiacha simu izimike siku moja, kwa makusudi, nione itakuwaje. Ilizimika. Hakuna kilichotokea. Nikairudisha kwenye chaji.

Mwezi ukapita, siku ya mshahara ikafika.

Nilijua hawatakuja. Hata hivyo nilifagia. Nikaigeuza ndoo, nikauvuta mkeka, nikamimina karanga kwenye sahani. Nikakaa ukingoni mwa kitanda na simu mapajani, mwaka huu umechaguliwa, tayari kabisa.

Nikasikia miguu uchochoroni. Mingi. Ikakaribia, ikafika mlangoni kwangu, ikapita.

Ilikwenda milango miwili mbele, kwa Ovaloki. Nilisikia viti vinaburutwa, nikasikia mfagiaji anauliza swali. Kisha sauti ya Ovaloki ikapenya kuta mbili bila shida.

"Imekaa! Mwingine!"

Wakacheka.

Lile neno lilikuwa limehama nyumba. Alilisema vizuri, na mkazo mahali pale pale alipouweka dada yake. Nilikaa nikilisikiliza. Imekaa, mwingine. Imekaa, mwingine. Nilitamani kwenda kugonga hodi na slipu yangu kama mtu yeyote, nikae kwenye foleni. Nilifika mpaka mlangoni. Nikarudi. Nikamwelewa Desimali na ule uchochoro wake.

Nikaanza kula karanga peke yangu.

"Hodi."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Hodi humu."

Alikuwa na ile ile suruali, kofia mkononi. Safari hii aliingia kwa karibu ya kwanza. Akaenda moja kwa moja kwenye ndoo, akakaa.

"Nimepita nikaona foleni iko kule," Desimali akasema. "Nikaona huku hakuna watu. Huku ndiko kwangu."

"Karibu karanga."

Akachukua moja, akaimenya, akagawa punje mbili, akanipa moja. Hata hapo hakuzidisha. Nilicheka, na yeye akacheka, akiona aibu.

Halafu akatoa bahasha ndani ya kofia. Ilikuwa bado imefungwa kwa gundi.

"Nipigie na mimi."

"Wewe? Si wewe ndiye unayezitengeneza slipu?"

"Zenu. Yangu anaitengeneza bosi kwa mkono wake, tangu nilipoanza kazi, ananipa imefungwa. Pesa yenyewe ikishaingia, naitumia ilivyo." Aliigeuzageuza bahasha. "Alinichukua nikiwa sina viatu, fundi. Kumkokotolea mtu kama huyo niliona ni kukosa adabu. Zenu nazipiga mara mbili kwa kalamu. Yangu sijawahi kuipiga hata mara moja."

"Na leo?"

Kwa Ovaloki walikuwa wanaangua kicheko.

"Leo nimekumbuka jinsi alivyotia kufuli. Hakuniuliza. Mtu akiibiwa huuliza kwanza, hata kwa hasira. Yeye alikuwa na kufuli mfukoni." Akanikabidhi bahasha. "Nimebakiza miezi michache. Nataka niondoke nikijua."

Nikaichana. Nikaisoma slipu. Nikahakikisha mwaka, mara mbili, mpaka akatabasamu. Nikaandika mshahara wake kabla ya makato. Nikabonyeza.

Kodi ya mapato ilikuwa sawa, mpaka desimali.

Nikashuka kwenye pensheni. Nikatazama kioo. Nikatazama slipu. Nikarudi kwenye kioo, nikakipangusa kwa shati, labda ni ule ufa.

Haukuwa ufa. Slipu ilikuwa imekata zaidi. Si kingi, kiasi cha kubadilisha soli ya kiatu, kiasi ambacho mtu hawezi kugutuka mwezi mmoja, wala mwezi wa pili.

Desimali hakunyanyua macho kutoka kwenye ganda la karanga alilolishika.

"Imekaa?" akauliza.

Sikuwahi kulisema lile neno jingine nikiwa na hakika nalo. Mara zote nilizolisema nilikuwa nimekosea. Nikaandika upya, nikabonyeza upya. Jibu lilikuwa lile lile.

"Haijakaa," nikasema.

Aliliweka ganda chini taratibu, akalipanga pamoja na mengine. Kisha akatia mkono ndani ya koti na kutoa bahasha nyingine, na nyingine, fungu zima limefungwa kwa uzi wa karakana, akaliweka juu ya kitanda, pale alipokuwa akikaa mke wangu.

"Ananikata hivi tangu mwaka gani?" akaniuliza.

Nikakigusa kisanduku cha juu. Miaka ikashuka kama ngazi, mmoja chini ya mwingine, yote ilikuwa humo, hakuna uliofutika. Ule aliouacha mke wangu ulikuwa wa pili kutoka juu.

Nikaugusa.